Ruhusa na Hodi

Randa ya Wekulo ndiyo iliyowaamsha majirani zake wa mtaa wa mabanda wa Silanga kila asubuhi. Wekulo alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, viti na majeneza.

Ulikuwa mwaka wa 1993 na gumzo la mtaa lilikuwa vyama vingi. Wekulo alifurahi mno. Zamani, hata kupiga msumari nje ya mlango wako, lazima uombe ruhusa kwa mkubwa wa chama na umpe chai.

"Sasa tuko huru!" alisema. Akasogeza karakana yake mbele, hadi katikati ya njia.

"Wekulo, sasa tutapita wapi?" aliuliza jirani yake, Oloo.

"Pita ubavu ubavu. Uhuru umekuja, ama hukusikia?"

Oloo alipita ubavu ubavu. Uhuru si ndio huo? Hata yeye hakujua.

Mwezi uliofuata, mama yake Oloo alifariki. Wekulo alilia naye, akamtengenezea jeneza bure. Kabla ya safari ya kwenda kuzikwa kwao Siaya, mwili wa mama ulipaswa kufikishwa kwanza nyumbani kwa mwanawe. Vijana wakalibeba jeneza. Likakwama penye karakana.

"Lisimamisheni wima, litapita!" mtu alisema.

"Hapana!" Oloo alipiga kelele. "Mamangu si gunia! Kwetu maiti hulala."

Wekulo alitazama jeneza, kisha mbao zake. Akili ilimvurugika. Alimgeukia Filister, mfanyakazi wa maendeleo ya jamii mtaani, aliyekuwa miongoni mwa waombolezaji.

"Dada Filister, mimi sielewi. Tulikataa mambo ya ruhusa. Sasa nirudi kuomba tena?"

"Ukienda kwa Oloo, unasema nini mlangoni?"

"Si nasema hodi?"

"Hiyo ni ruhusa ya mkubwa?"

"Hapana. Hiyo... ni heshima tu."

"Basi. Hii njia ni mlango wetu sote. Jenga, uko huru. Lakini kwanza piga hodi."

Wekulo hakuelewa yote. Hata hivyo alichukua nyundo, akang'oa misumari aliyoipigilia mwenyewe, akaondoa mbao njiani. Jeneza likapita likiwa limelala.

Baada ya mazishi, majirani walikutana wakakubaliana upana wa njia: jeneza, na mbebaji kila upande.

Mwezi wa nane, Wekulo alifika kwa Oloo.

"Hodi! Ndugu yangu, nataka kuweka meza ndogo hapa nje."

Oloo alifikiri. "Hapana, bwana. Watoto wangu huchezea hapo."

Wekulo aliudhika. Alinuna siku mbili nzima. Lakini meza hakuiweka.