Ini la Ghusun Halitaki Moto

Mvua ya mji wa Ibb ilikuwa imekatika, na nyumba nzima ilinukia mchuzi wa uwatu. Ghusun alikuwa akisonga asida ya mtama. Tumbo lake la miezi saba liligusa ukingo wa meko. Mumewe, Abdulwasi, alichungulia jikoni.

"Mke wangu, huyo mtoto anasonga pamoja nawe?"

"Anasonga. Babake ndiye anayengoja kula tu."

Wakacheka. Mama mkwe wake, Mama Katiba, akacheka kuliko wote.

Kicheko hicho kilizimika siku Ghusun aliporudi kutoka kliniki. Damu yake ilikuwa imepimwa, kama wanavyopimwa wajawazito. Alikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Tena zile chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimepungua. Muuguzi alimwambia amwone daktari, wala asijifungulie nyumbani.

"Homa ya ini!" Mama Katiba alijishika kifua. "Dawa yake naijua. Moto! Nilipokuwa mwali niligeuka manjano kama bizari. Nikachomwa chuma mkononi, nikapona. Alhamisi namwita mchomaji. Na hospitali ya nini? Wanangu wote nimewazalia humu humu."

"Lakini mama, mimi sina manjano."

"Yatakuja, mwanangu. Bora moto uyatangulie."

Siku hiyo watu wote walizunguka sinia moja, kama kawaida. Ghusun peke yake aliwekewa bakuli pembeni. Alikula tonge moja, machozi yakamtoka. Hakulilia bakuli. Alimlilia mtoto. Je, atazaliwa na virusi vile?

Alhamisi ilipofika, Abdulwasi alimwahi mchomaji. Alikwenda kwa jirani yao, mkunga Fikria, akaja naye nyumbani. Walikuta chakula kimeshatengwa. Fikria akalipita sinia, akaketi kando ya Ghusun, akachovya tonge katika bakuli lake, akala.

"We mwanamke, una wazimu?" Mama Katiba alimaka.

"Nina njaa, Mama Katiba. Virusi hivi haviambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kukumbatiana. Vinapita kwenye damu. Wembe wa kuumikia chuku, ukitoka kwa huyu ukaenda kwa yule. Sindano iliyokwisha kutumika. Vinapita pia kati ya mume na mke, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa."

"Mbona mimi niliponywa na moto?"

"Uliponywa na mwili wako. Watu wazima wengi wakivipata, mwili huvishinda wenyewe. Jogoo akiwika jua likachomoza, tumshukuru jogoo?"

Abdulwasi aliangua kicheko. Mama yake akamkata jicho.

"Mtoto mchanga bado hana nguvu hizo," Fikria aliendelea taratibu. "Akivipata, mara nyingi hukaa navyo maisha yake yote, vikimharibu ini. Na damu ya Ghusun huenda ikachelewa kuganda. Mkimchoma mtamtia kidonda bure. Akizalia hapa damu ikatoka nyingi, nani ataizuia?"

Ghusun alishika tumbo lake. "Sasa nifanye nini, dada?"

"Daktari akupime wingi wa virusi. Vikiwa vingi, utapewa vidonge. Uzalie hospitali. Mtoto adungwe chanjo haraka, siku hiyo hiyo ya kuzaliwa, na sindano ya kinga pia ikipatikana. Halafu amalize chanjo zote."

"Na kunyonya?"

"Mnyonyeshe mpaka anenepe! Na nyinyi wengine mkapimwe. Asiyekuwa navyo wala kinga, achanjwe."

Mlango ukabishwa. Alikuwa mchomaji, na mfuko wake wa vyuma begani. Ghusun alimtazama mama mkwe wake.

Mama Katiba aliinuka. "Mzee wangu, samahani kwa kukusumbua. Ini la mkwe wangu halitaki moto. Chuma chako kapikie kahawa."

Wiki ile ile wote walipimwa. Abdulwasi hakuwa na virusi, akachanjwa. Ghusun alikutwa navyo vingi, akawa anameza vidonge kila siku, na daktari aliendelea kuipima damu yake. Alizalia hospitalini, damu ya akiba ikiwa tayari, lakini haikuhitajika. Mtoto alikuwa wa kike. Wakamwita Hanadi.

"Kadungwa?" Mama Katiba aliuliza.

"Kadungwa zote mbili, bibi," muuguzi alijibu.

"Nionyeshe wapi."

Hanadi alimaliza chanjo zake zote. Alipokaribia mwaka mmoja, walimpeleka maabara kupimwa damu. Ghusun hakuweza kukaa. Alizunguka ukumbini huku akisoma dua. Mwishowe mpimaji alitoka, anatabasamu.

"Hana virusi. Na kinga anayo ya kutosha."

Mama Katiba alipiga kigelegele hadi madaktari wakatoka vyumbani. Hanadi akashtuka, akalia kwa sauti kubwa.

"Lia, mjukuu wangu," bibi alisema, naye analia. "Lia utakavyo. Damu yako ni salama."