Mkono Begani kwa Fundi Cherehani

Vidole vinne vilijitokeza begani kwa mumewe, picha ikiwa bado inaelea kwenye trei. Mama Giza, kama wateja walivyomwita kwa kushinda kwenye chumba cha kusafishia picha, aliinama chini ya taa nyekundu akidhani ni mikunjo ya shati. Lakini mikunjo haina kucha. Akaihamishia kwenye dawa ya kukazia, ile inayozuia picha isiharibiwe na mwanga, kisha akawasha taa nyeupe. Vidole vilikuwa palepale. Siku aliyompiga picha ile, mumewe alikaa peke yake.

Aliichoma bila kumwambia mtu. Toka hapo bega la mumewe likawa zito. Mume alikuwa fundi cherehani chumba cha mbele, mtu wa mizaha, na mwanzoni alidai ni uzee tu unabisha hodi. Baadaye mkono ukagoma kunyanyuka, nguo za watu zikalundikana, na pumzi ikawa inamkatika kama mtu aliyekabwa. Chumbani kwa mkewe, ukali wa dawa ulimezwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Mganga aliyemwita alikuwa mama wa makamo asiye na maneno mengi. Alinusa mlangoni, akanong'ona, "Ulipoikazia picha, ulimpa jini makao kwa mumeo. Kuichoma hakukumtoa. Mtoe upya kwenye karatasi, mzima mzima, umpeleke juani. Mwanga utammeza. Ila usimkazie hata kidogo. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Mama Giza alijifungia ndani, roho mkononi. Kwanza akakata kipande cha karatasi cha kupimia mwanga, akamulika filamu ya picha ile, ambayo hakuwa ameichoma, akakilaza penye bega, pale weupe wa shati unapokutana na ukuta mweusi, kama afanyavyo siku zote. Akakipitisha kwenye dawa zote, akakagua weusi wake tu, akakirudisha kwenye trei.

Kisha akamulikia karatasi nzima, akaitia kwenye dawa ya kutoa picha, na vidole vikaja kwanza, halafu kiganja, halafu mkono mrefu kupita mkono wa mtu, na nyuma ya mumewe kikasimama kitu kisicho na uso, kimemzungushia shingo mikono yote miwili, na dawa ikaanza kutikisika yenyewe, na pumzi ya baridi ikampuliza Mama Giza kisogoni, naye hakugeuka, akainyakua karatasi ikichuruzika, akausukuma mlango kwa goti na kutokea uani kwenye jua la mchana.

Picha ikawa ya kijivu, ikawa ya zambarau, ikawa nyeusi tii.

Chumba cha mbele cherehani ikaanza kunguruma. Mumewe alikuwa anashona kwa mikono miwili, akimtania mganga kwamba atamshonea gauni la harusi. Mama Giza alilia kwa furaha mbele yao bila aibu. Mganga akaaga, akaenda zake.

Mama Giza alirudi ndani kumwaga dawa. Kwenye trei ya kukazia kilielea kile kipande cha kupimia, kimekazwa barabara: bega moja, na vidole vinne vyenye kucha. Harufu ya nywele ikampanda puani.

Cherehani ikanyamaza.

"Mke wangu," mumewe akasema taratibu kule mbele, "umeingia saa ngapi? Mbona mkono wako wa baridi hivi?"