Mashine Iliyoruka Mishono

Sogeeni, ila mlango uacheni wazi. Haya hayasimuliwi chumba kikiwa kimefungwa.

Ilikuwa jua la utosi Fundi aliposikia harufu ya mvua. Nje hapakuwa na wingu hata la dawa. Vumbi la barabarani limekauka kama unga, mbwa kajilaza uvunguni mwa gari, ulimi nje. Lakini mle sebuleni, kwenye meza yake ya kutengenezea kompyuta, ilinukia udongo uliopigwa na matone ya kwanza. Fundi akanusa huku, akanusa kule, akainamia mashine. Harufu ilikuwa inapulizwa na feni yake.

"Kitinda! Umemwaga maji?"

"Maji yapi, dada?" mdogo wake akajibu toka jikoni. "Bomba tangu jana linakohoa tu."

Walikuwa wawili tu, yeye kifunguamimba na yule kitindamimba, na mama yao. Mama alikuwa mshonaji. Miezi mitatu nyuma madaktari walimfungua koo. Roho wakairudisha, sauti wakashindwa. Sasa alisema na watu kwa kugonga meza kwa kastabini, ile kofia ya chuma ya kidole cha kushonea. Lakini siku moja kabla ya kukatwa alikaa mbele ya kinasa sauti akaacha humo maneno kwa binti zake, kila mmoja na yake. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani.

Fundi alitaka kuisafisha ile sauti, aiondolee honi na kelele za barabarani. Kwa ajili hiyo akanunua vijiti vipya vya RAM. Hivyo ndivyo mikono ya mashine: kazi inayofanywa sasa hivi hushikwa humo, na mikono ikitetemeka, kazi humwagika. Boksi lilikuja na vijiti vinne. Viwili akavitia kwake, viwili akavitia kwa Mama Fotokopi, jirani wa ng'ambo ya barabara. Juu ya boksi pameandikwa mwendo wake, elfu sita, kwa maandishi mekundu yanayowaka moto.

Sasa mashine ina akili yake. Ikipewa vijiti vigeni huviendesha polepole kwanza, kama mtu anayejaribu viatu. Anayetaka mwendo wa boksi lazima aingie mwenyewe kwenye mipangilio aamuru. Fundi akaamuru. Asubuhi ya siku ile ile akavuka barabara akaamuru na ya jirani.

"Hii sasa ni farasi, Mama Fotokopi."

"Mimi natoa nakala za vyeti, mwanangu. Vitani naenda lini?"

Wakacheka. Angejua, asingecheka.

Kurudi nyumbani, akaisafisha sauti, akaihifadhi juu ya ile ya kwanza, akamwita mdogo wake waisikilize. Sauti ya Mama ikatoka safi kama maji ya mtungi: "Kifunguamimba wangu, ukishikwa na hasira, kaa chini kwanza." Fundi akajifuta macho. Kisha: "Kitindamimba, mwanangu..." Kimya. Kimya cha pumzi nzima, halafu sauti ikarukia kwaheri.

"Mbona mimi hajaniambia kitu?"

"Alikuambia. Nilikuwapo. Ngoja nirudie."

Akarudia. Safari hii hata neno "mwanangu" halikuwapo.

"Kumbe mama kaniachisha undugu," Kitinda akasema, lakini mzaha ule haukumfika machoni. Akarudi jikoni.

Nakala moja ilibaki, ndani ya kadi ndogo kama ukucha, na Mama aliifunga kwenye pindo la nguo yake. Fundi akanyoosha mkono. Mama akaifumbata. Akaonyesha mashine kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mama, ni hitilafu tu. Nitaipata."

Basi akaanza kuisaka. Iko programu ya kupima vijiti: inavipa namba vishike, kisha inavidai. Kikirudisha namba siyo, kioo kinapiga mstari mwekundu. Akaiwasha. Dakika ya kumi, mstari. Ya kumi na moja, mitatu. Akazima, akavichomoa, akasugua meno yavyo ya shaba kwa kifutio. Akapima kijiti cha kwanza peke yake kwa elfu sita: kizima. Cha pili peke yake: kizima. Akavibadilisha nafasi, akavirudisha vyote viwili pamoja, na harufu ya mvua ikarudi kabla hata kioo hakijawaka.

Ndipo aliposikia. Chini ya mvumo wa feni palikuwa na mtu anahesabu, polepole, kama mtoto aliyeogopa kukosea. *Moja. Mbili. Tatu. Tano.* Mstari mwekundu. *Moja. Mbili. Tatu. Tano.* Mstari mwekundu.

"Kitinda," akanong'ona, "ni wewe?"

Akachomoa kijiti kimoja: kimya. Akakirejesha: *moja, mbili*. Akaongeza umeme kidogo, maana mafundi husema kijiti kinachotetemeka huenda kina njaa, na kule kuongeza ndiko kulikoharibu, kwa sababu sauti haikuhesabu tena kitoto bali ilinenepa, ikapata mkwaruzo na upole na lile pumziko dogo kabla ya neno, hadi Fundi akagundua kwamba mkwaruzo ule anaufahamu tangu yuko tumboni, kwamba anayehesabu humo ndani ya bati, katikati ya vijiti viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni kizima, anahesabu kwa sauti ya mama yake, na mama yake amekaa pale pale kwenye kiti, midomo imefungwa.

Ko! Ko! Kastabini mezani.

Mama alikuwa amesimama. Akatoa chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika juu ya meza: *INARUKA MISHONO. PUNGUZA MGUU.*

"Mama, boksini wameandika elfu sita!"

Mama akalichukua boksi, akautazama ule moto wake, akalitupa chini. Akaandika tena, chaki ikivunjika: *Cherehani nayo iliandikwa mwendo. Ukiikimbiza kupita nguvu zake inaacha tundu. Kitu hukaa kwenye tundu.*

Fundi alikuwa na kiburi cha ufundi, tena si kidogo. Kushusha mwendo kwake ilikuwa kama kumeza jiwe. Lakini mkono wa Mama ulikuwa begani mwake na ulikuwa baridi. Akaingia kwenye mipangilio. Elfu sita akaiacha. Akashuka hadi elfu tano na mia sita. Umeme alioongeza akaurudisha. Akapima.

Saa nzima. Saa ya pili. Hakuna mstari. Kioo kilikaa cheusi kitulivu, feni ikavuma kama feni. Harufu ya mvua ilikwenda kidogo kidogo, ikatoka nje kupitia mlango, na sebule ikanuka vumbi na mafuta ya cherehani kama siku zote.

Mama akafungua pindo, akampa kadi aitie kwenye mashine.

Sauti ikatoka yote, na honi zake, na jogoo mmoja aliyeingilia: "Kitindamimba, mwanangu, njoo ukae karibu yangu. Usiogope." Fundi akalia waziwazi, kisha akacheka huku analia.

"Kitinda! Njoo usikie, mama hajakuachisha kitu!"

Jikoni sufuria iko juu ya moto mdogo, mtu hayupo. Ndara zake mlangoni hazipo.

Simu ikalia. Mama Fotokopi.

"Mwanangu, samahani. Hii farasi yako inaruka kurasa tangu mchana, na dukani kunanuka mvua. Lakini hilo si neno." Akashusha sauti. "Hongereni, kumbe mama kapona koo! Mbona hamkutuambia? Namsikia huku chumba cha nyuma, kwenye mashine, anamwita Kitinda akae karibu yake. Na mtoto kaja mbio, kaingia, mlango kaufunga."

Fundi akamgeukia Mama. Mama alikuwa ameinua mkono, ameshika koo.

"Mama Fotokopi! Chomoa waya! Zima hiyo mashine!"

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu. Nyuma ya pumzi, kwa upole ule ule, mtu alikuwa anahesabu.

"Nimechomoa kabla sijakupigia, mwanangu," jirani akanong'ona. "Waya ninao mkononi."

Fundi alipofika mlangoni, Mama alikwisha kumtangulia. Yuko katikati ya barabara, miguu mitupu, magari yanampigia honi, mdomo ameufungua wote, anamwita mwanawe, na hakuna kilichotoka.