Karini wa Saa Kumi Kasorobo

Jambo lenyewe lilianza dogo, la kuchekwa. Skrini ya wodi ya watoto wachanga ilisema ni saa kumi kasorobo alasiri, na huku nje muadhini wa magharibi alishaanza kukohoa kwenye kipaza sauti. Sista Kausar akapiga simu chumba cha kompyuta.

"Nyie, saa yenu imelewa au?"

"Haijalewa, sista," Zawar akamjibu. "Imepandishwa cheo. Mwanzo wa cheo kila mtu hulewa kidogo."

Alikuwa na maana yake. Jana yake tu walikuwa wameweka toleo jipya la programu kwenye kompyuta kuu ya hospitali, ile inayozigawia saa mashine zote, kuanzia skrini za wodini hadi pampu za dripu. Wakacheka, wakakata simu. Wallahi, wangejua, wasingecheka.

Hospitali yenyewe ni ile ndogo ya wakfu, nyuma ya soko la vitambaa hapa Multan. Chumba cha kompyuta kilikuwa cha watu watatu: Rab Nawaz, mkuu wao, Zawar, mwenye masharubu na maneno, na Tehmina, binti wa Rab Nawaz, aliyefundishwa kazi na baba yake mwenyewe mpaka akawa fundi kamili. Sasa walibaki wawili. Rab Nawaz alikata roho kwenye kiti chake, katika kijichumba chake cha pembeni, alasiri moja ya joto, saa kumi kasorobo. Tehmina alikuwa upande wa pili wa kioo, anamwona. Alidhani amesinzia, akapunguza sauti ya redio ili asimwamshe. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo.

Arobaini ilikuwa haijatimia. Kijichumba hakuna aliyekigusa: kiti kilipo, miwani ilipo, na ile kompyuta yake kuukuu inawaka usiku na mchana. Zawar alisema kuizima mashine ya marehemu kabla ya arobaini ni kama kumtoa mtu nyumbani kwake kwa mabega. Kila Alhamisi wakawasha udi pale mezani, wakamsomea Fatiha, wakamtaja jina. Huku ndivyo tulivyo. Maiti tunamheshimu mpaka tunapitiliza.

Basi Tehmina akakaa kutafuta ugonjwa wa saa. Ugonjwa wa aina hii kwa kawaida hauna miujiza. Akaiuliza kompyuta kuu kama huduma ya kusawazisha saa iko hai. Ikajibu iko hai, nzima, haina neno. Akaiuliza inaichukua wapi saa. Hapo akaona kitu: mashine za nje wanazoziuliza saa zote zilikuwa kimya, kwa sababu programu mpya ilikuwa imefunga mlango wa mtandao ambao saa hupitia. Akaufungua. Skrini zote zikaruka zikakaa kwenye saa ya kweli, Zawar akapiga makofi, wakaagiza chai na halua ya sohan.

Kesho yake alasiri, saa zikarudi nyuma tena. Saa kumi kasorobo. Zinafika hapo, zinang'ang'ana.

"Ah, nimeshaijua," Tehmina alisema. Huduma ya zamani haikuondoka pale walipoweka mpya. Ilibaki chinichini, na zote mbili zikawa zinaigombea saa kama wake wenza wenye mwiko mmoja. Akaing'oa ile ya zamani, mizizi na matawi. Saa ikatengemaa.

Siku iliyofuata, alasiri, ikarudi palepale.

Safari hii Tehmina hakugusa kitu. Aliiuliza kompyuta kuu swali moja tu: sasa hivi, katika wote unaowauliza saa, unamsikiliza nani? Jibu likaja na jina la mashine moja. Akalisoma mara mbili.

"Zawar. Wewe umeiunganisha mashine ya Baba?"

"Mimi? Dada, astaghafirullah! Ule waya wake wa mtandao niliuchomoa siku ya maziko, kwa mkono huu."

"Basi ndiyo inayotoa saa."

Wakaenda wote wawili, bega kwa bega, hakuna aliyetaka kutangulia. Waya ulikuwa unaning'inia ukutani, kichwa chake wazi, haujashika popote. Na nyuma ya mashine ile taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa, haraka haraka, jinsi inavyopepesa mashine ikiwa kwenye mazungumzo. Kisha ikaja harufu ya karafuu. Rab Nawaz alikuwa mtu wa jino bovu, karafuu haikumtoka mdomoni. Zawar, na masharubu yake yote, akakumbuka ghafla kwamba anaitwa ghorofa ya chini.

Tehmina akabaki. Hakubaki kwa ujasiri, miguu ilikataa tu. Na pale aliposimama akasikia kiti kikilia, kile kiti kitupu, mlio wa mtu mzito anayejiweka sawa baada ya kukaa muda mrefu, halafu kikohozi, halafu pumzi ya mtu anayeamka, na baada ya pumzi ile sauti ya chini aliyoijua tangu yuko mgongoni, ikitokea si kwenye kiti wala kwenye mashine bali karibu kabisa na sikio lake la kushoto, ikamwambia: "Tehmina. Mwanangu. Umekula?"

Nywele zilimsimama. Lakini nitasema ukweli, kilichomshinda hakikuwa hofu. Alilia. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akalia kama mtoto, akasema, "Bado, Baba. Bado sijala."

Toka siku hiyo akaacha kutafuta ugonjwa. Ugonjwa alishaujua, dawa aliijua, dawa hakuitaka. Wakubwa wakiuliza anasema bado anachunguza, programu mpya hizi zina mambo mengi. Zawar akimtazama, anainamisha kichwa. Asubuhi saa inakwenda sawasawa, alasiri inarudi palepale, na hapo Tehmina anaingia kijichumbani, anafunga mlango, anakaa kwenye harufu ya karafuu akiongea na sauti ile habari za nyumbani: kwamba Mama yuko kwenye eda, hali chakula vizuri, halali usingizi, kwamba bomba la uani limepasuka. Sauti inamsikiliza. Haimjibu mengi. Akiingia na shali nene bado anatetemeka, maana kile chumba, na joto lote la Multan, kilikuwa na baridi ya kisimani. Akaanza kukonda. Watu wakasema ni msiba, na kweli ulikuwa msiba.

Kisha Sista Kausar akapanda ngazi mwenyewe. Hakupiga simu. Aliingia na aproni yake.

"Tehmina, mtoto wa Zarina, yule wa kitanda cha dirishani. Nimempa dawa ya moyo alasiri. Nimekwenda kuswali, huku nyuma skrini ikaonyesha ni saa kumi kasorobo, dawa bado. Msichana wa zamu akampa tena." Akajishika mdomo. "Mara mbili, Tehmina. Kile kifua chenyewe sawa na cha kifaranga."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Daktari yuko naye. Mimi sijui mpaka lini. Wewe ulisema unaitengeneza hiyo saa. Si ulisema?"

Tehmina alishuka naye. Kwenye benchi la ukumbini alikaa Zarina, mama wa mtoto, kijana tu, anakunja na kukunjua kile kitambaa cha kumfungia mwanawe. Alipomwona Tehmina akadhani ni daktari, akasimama, akamshika mikono yote miwili. "Dada, niambieni tu. Msinifiche." Ile mikono ilikuwa na joto, na ya Tehmina ilikuwa baridi kama ya maiti. Aliporudi juu alimwambia Zawar kila kitu.

Zawar hakumkaripia. Alivuta pumzi, akasema, "Mimi kosa langu ni udi. Kesho nakuletea shehe, Pir Wasaya."

Pir Wasaya alikuja adhuhuri, mzee mfupi mwenye ndala, mtu wa kisomo na zinguo, hana makuu. Alisimama kizingitini mwa kijichumba, akanusa, akakataa kuingia.

"Huyu si baba yako," alimwambia Tehmina, sauti ya chini. "Baba yako amekwenda kwa Mola wake, wafu hawarudi. Huyu ni karini. Kila mtu anazaliwa na jini wake wa kufuatana naye, anajua sauti yake, kikohozi chake, mapenzi yake. Mtu akifa, karini anatakiwa ashike njia zake. Huyu wa kwenu mmemwekea kiti. Mmemwashia udi. Mmemwita kwa jina."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu, masikini. Na yeye amefiwa. Anarudi kwenye saa ya mwisho aliyokuwa na mtu wake, anakaa hapohapo. Ila akivuta nyuma yeye, na walio hai wanavutwa." Akamtazama machoni. "Mashine utaizima wewe, damu yake. Mimi nitasoma hapa mlangoni. Atasema maneno, usimjibu. Usimwite baba. Na zaidi ya yote, usimwonyeshe mahali pa kwenda. Karini aliyepotelewa akionyeshwa mahali, ndipo kwake mpaka Kiyama. Umenisikia, binti?"

"Nimesikia."

Walingoja alasiri. Pir akaanza kusoma, macho amefumba, sauti inapanda na kushuka. Tehmina akaingia. Baridi ilimpokea, na karafuu. Akapiga magoti nyuma ya meza, akaushika waya wa umeme, akauvuta kwa nguvu zote, ukatoka.

Mashine haikuzimika. Feni yake iliendelea kuzunguka bila umeme wowote, taa ya kijani ikapepesa, kiti kikasogea chenyewe taratibu kama mtu anayempisha mwenzake, na ile sauti ikaja, sasa haikuwa sauti ya mzee tena bali ya mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba asiyoijua, inatetemeka, inamtafuta, ikisema mwanangu kuna giza, mwanangu nimekukosea nini, mwanangu mbona unanitoa na mimi nilikuwa nimekaa tu nakungoja, na Tehmina akauma ulimi mpaka akaonja damu, asijibu, asijibu, huku nje Pir akisoma kwa kasi na madirisha yakigonga, hadi sauti ikafifia ikawa ndogo, ndogo sana, ikamuuliza swali moja la mwisho bila hila yoyote: "Sasa niende wapi?"

Jamani, nani angeweza?

"Nenda nyumbani, Baba," Tehmina alinong'ona.

Feni ikasimama. Taa ikafa. Baridi ikatoka chumbani yote kwa mkupuo mmoja, na joto la Multan likaingia. Kule wodini skrini zote ziliruka zikakaa kwenye saa ya kweli; Sista Kausar alipiga simu kusema hivyo, na kusema mtoto wa Zarina amenyonya, analia kwa nguvu, daktari amecheka. Zawar alimkumbatia Pir mpaka kofia ikamdondoka.

Pir aliiokota kofia, akamtazama Tehmina. "Umemwambia kitu?"

"Hapana."

"Sawa," Pir alisema. Lakini alichelewa kuondoka.

Tehmina alipanda riksha kurudi nyumbani, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Ilikuwa baada ya magharibi. Mtaani kwao wanawake walikuwa wanapika roti, watoto wanapigizana kelele, kila kitu kiko sawa. Alipofungua mlango wa uani akamkuta mama yake, Bi Sughra, amesimama jikoni. Tangu msiba alikuwa hajavaa nguo ila nyeupe, hajatia wanja, hajajipaka hata mafuta ya nywele, mwanamke wa kushika sheria ya eda herufi kwa herufi. Sasa alikuwa na shali nyekundu ya harusi yake. Macho yamepakwa wanja, umepinda kidogo upande mmoja. Na alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo Tehmina hakulisikia tangu utoto.

"Mama?"

"Shhh." Bi Sughra aliweka kidole mdomoni, akatabasamu. "Usipige kelele. Amejilaza ndani. Anasema ametoka mbali, kachoka."

"Mama, nani?"

"Nani tena!" Akacheka, akamshika shavu. Mkono wake ulikuwa baridi. "Nami nilikuwa namlaumu Mungu, astaghafirullah. Nikamuuliza baba yako, mbona umekawia hivi? Anasema hakujua kama anatakiwa. Anasema wewe ndiye uliyemwambia aje."

Chumbani, nyuma ya pazia, kitanda kililia chini ya mtu mzito anayegeuka upande. Tehmina alitoa simu. Namba ya Pir Wasaya ilikuwa ya kwanza, kidole kilishafika juu yake. Akamwangalia mama yake anavyochagua sahani ile nzuri, ya wageni, anavyoifuta kwa ncha ya shali, anavyopinda shingo kusikiliza kama ameitwa. Hakuwa amemwona akila tangu maziko, na sasa alikuwa anaandaa chakula cha watu watatu.

Tehmina akairudisha simu mfukoni. Akaenda hadi mlango wa uani, akaufunga kwa ndani, akatia komeo, majirani wasije wakaingia.