Friji Ndogo na Safari ya Siku Nne

Mzee Honi, dereva mstaafu wa malori, alikosa mambo manne. Alikosa nywele kichwani. Alikosa subira. Alikosa kumwona mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa miezi mitatu nyuma na ambaye alimjua kwa picha za posta tu. Na alikosa umeme ndani ya gari.

Gari lenyewe alikuwa nalo, basi dogo kuukuu. Aling'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na friji ndogo. Safari ya kwenda kwa binti yao ilikuwa ya siku nne. Lakini mkewe alikuwa akijidunga insulini, dawa ya sukari, na akiba ya dawa hiyo lazima ikae kwenye baridi. Injini ikizimwa, friji nayo inazima.

"Bila baridi siendi," mkewe alisema. "Nikifika mgonjwa, huyo mjukuu ndiye atanibeba?"

Kaka wa mkewe, fundi wa mapaa, akapanda juu ya gari, akashuka.

"Kazi ndogo hii, shemeji! Paneli moja ya sola, betri ya gari, nakaza na waya. Jumamosi nimemaliza."

"Nani kama shemeji!" Mzee Honi akampa mkono. "Njoo Jumamosi."

"Kaka, nakupenda," mkewe alisema. "Lakini hujauliza hata friji inakula umeme kiasi gani."

"Friji ni friji, dada."

"Mke wangu, huyu si damu yako?" Mzee Honi alinong'ona.

"Damu yangu ndiyo yenye sukari, baba. Tuulize kwanza."

Wakaenda gereji kwa fundi wa sola, mama wa makamo mwenye penseli sikioni. Hakuanza na bei.

"Mama, mtatumia nini humo ndani?"

"Friji, taa mbili, simu. Na feni ya huyu. Akisikia joto anakoroma kama lori lake."

Fundi akasoma kibandiko nyuma ya friji, akaandika saa za matumizi.

"Na jua lisipoonekana siku mbili?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria.

"Siku hizo mtaishi kwa betri," fundi alisema. "Betri ya kuwashia injini haifai. Ukiinyonya mpaka chini kila siku, inakufa upesi. Mnahitaji betri ya kuhifadhi umeme, kifaa cha kudhibiti chaji, na fyuzi karibu na betri, waya usije ukashika moto. Paneli nitaifunga kwa boliti. Nyumba haitikisiki, gari linatikisika."

"Maneno matamu," Mzee Honi alisema. "Nitajuaje kama si domo tu?"

"Usiniamini mimi, mzee. Kamuulize niliyemfungia."

Akawaelekeza kwa dereva wa gari la maktaba, lile linalozungusha vitabu shuleni.

"Mwaka wa tatu huu natumia sola yake," dereva alisema.

"Hajawahi kukuangusha?"

"Mara moja. Waya ulilegea, taa zikazima. Nikampigia simu, kesho yake asubuhi akaja. Hakudai kitu. Dhamana alikuwa ameiandika kwenye karatasi."

Mzee Honi alikuwa akitafuta fundi asiyekosea. Sasa akajua wa kumtafuta ni yule anayerudi. Kazi akampa yule mama, na dhamana ikaandikwa.

Kumwambia shemeji kulikuwa kugumu. "Nilikuahidi, shemeji, kabla ya kuuliza. Nisamehe."

Shemeji akanuna. Siku ya kazi alikuja na kusimama pembeni, mikono nyuma.

Fundi akauliza kutoka juu ya gari, "Nani ataziba matundu ya boliti? Mvua ikipita hapa, kitanda kitaelea."

Shemeji akakunja mikono ya shati. "Matundu ya paa? Shuka, mama, uniachie. Mabati nimeyalea mimi!"

Wakalijaribu gari uani siku tatu, injini imezimwa. Siku mbili zilikuwa za mawingu, na moja ya mvua. Ndani hamkudondoka tone. Kila asubuhi mke alichungulia kipimajoto ndani ya friji.

"Nyuzi nne, baridi inatosha!" alipaza sauti siku ya tatu. "Baba, anza kufungasha!"

Kwa binti yao simu ilishika kwa kubahatisha. Mzee Honi akaketi mezani, akaandika barua: "Tutaondoka baada ya wiki mbili. Mama yako yuko salama, na dawa yake iko kwenye baridi. Usituandalie makubwa. Tupe mtoto tumpakate."

Mkewe akaichukua kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko wake: "Usitume picha nyingine. Nakuja kumwona mwenyewe."

Mzee Honi akaisoma mara mbili. Akaifunga bahasha, akaibonyeza kwa kiganja, akaipeleka posta.