Gauni la Kutokea Arobaini

Jamani wenye mabinti na wakwe, nisikilizeni. Nyumba ya Lambros, ng'ambo ya uzio wetu, ilikuwa nyumba ya raha. Mkewe, Evanthia, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama mkwe, Bibi Stamatia, alikaa dirishani akimshonea Evanthia gauni jeupe la kwenda nalo kanisani siku ya arobaini. Kwetu mzazi hatoki nje kabla ya siku hiyo.

Raha haikudumu. Evanthia aliacha kula, na usingizi hakuupata hata mtoto alipolala. Mchana mmoja niliwapelekea supu, nikamkuta amemshika mama mkwe mkono.

"Mama, mtoto akilia nasikia kama wa watu wengine. Mngekaa vizuri zaidi bila mimi. Nipelekeni kwa daktari."

"Arobaini haijaisha, mwanangu. Ukitoka sasa utatuletea mkosi. Mimi nimezaa sita, na siku ya tatu nilikuwa nakanda unga."

Lambros alisema mama ndiye anayejua. Akaitwa shangazi yake aje kupiga ramli, akadondosha mafuta ya zeituni kwenye bakuli la maji, akatangaza kwamba ni jicho la husuda la watu. Mafuta na maji, jamani! Kila Evanthia alipolia, bakuli liliwekwa mbele yake. Mwishowe alichoka na bakuli lao, akaanza kutabasamu. Wakafurahi kwamba jicho limemtoka. Hakuna aliyejiuliza mbona bado hali chakula.

Siku moja kabla ya kwenda kanisani, alimnyonyesha mtoto akamweka mapajani mwa Stamatia.

"Mshike, Mama. Wewe amekuzoea."

Akatoka peke yake. Jioni wachungaji wa mbuzi walimkuta bondeni, amekwisha kufa. Tulimzika na gauni lile jeupe, pindo lake bado halijamalizwa. Stamatia hajashika sindano tena.

Funzo

Ndugu zangu, huzuni hii ya mzazi ni ugonjwa. Si jicho, si uvivu, wala si kutompenda mwana. Na dawa yake ipo. Mzazi akisema mngekaa vizuri bila yeye, msimwache peke yake. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, mila itasubiri. Padri wetu alilia kaburini, akasema angekwenda kumwombea mlangoni kwake siku yoyote, ili atoke akatibiwe hata kabla ya arobaini, kama angeitwa.

Hakuna aliyemwita.