Masweta ya Bibi Coleta

Mwezi wa sita, Sumbawanga huamka imejifunika ukungu, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi hupenya hadi kwenye mifupa. Violeth, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa amezoea kuamka mapema. Aliwasha jiko la mkaa, akakoroga uji wa ulezi, kisha akaketi kando ya bibi yake kukunja uzi wa sufu kabla ya kwenda shule. Bibi Coleta wakati huo alikuwa tayari mbele ya mashine yake ya kufuma, mikono yake ikienda kushoto na kulia bila kuchoka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama. Leo unafuma ya nani?"

Hapo zamani Bibi angetaja jina la mtu. Siku hizi alijibu tu, "Nafuma. Mwenyewe atakuja."

Wazazi wa Violeth walikuwa wakulima huko Mpui, na walimleta kwa Bibi ili asome mjini. Waliishi watatu: Bibi, Violeth na mama mdogo Jenifer, mtoto wa mwisho wa Bibi, ambaye alifundishwa kufuma tangu akiwa msichana.

Kwa miaka mingi Bibi Coleta alikuwa na kibanda karibu na soko. Masweta yake yalijulikana kwa shingo isiyolegea hata yakifuliwa mara ngapi. Wauguzi walinunua kwake shali za watoto wachanga, na walimu waliagiza masweta ya wanafunzi. Madereva wa magari ya Kabwe na Matai walibeba mizigo yake kwa watu waliompenda huko. Hakuwahi kuweka kibao wala tangazo. Kibanda chenyewe kilikuwa tangazo.

Kisha barabara ikapanuliwa, na vibanda vyote vya upande ule vikaondolewa. Bibi akahamishia mashine nyumbani, mtaa wa Chanji, kwenye chumba cha uani nyuma ya nyumba za watu. Aliwaeleza majirani zake wa sokoni alikohamia, lakini majirani hao nao walitawanyika, kila mmoja na njia yake.

Baridi ya mwaka ule walikuja wateja wachache. Baridi iliyofuata, karibu hawakuja kabisa. Masweta yalipangwa kwenye rafu hadi yakagusa dari, na Bibi akawa anayatoa kila mara kuyakung'uta vumbi.

Jioni moja Jenifer alikusanya ujasiri. "Mama, niruhusu nipige picha masweta haya. Nitayaweka mtandaoni, niandike tuko wapi na namba ya simu. Watu sasa wanatafuta kila kitu kwenye simu."

Bibi hakuinua macho. "Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sijawahi kuitembeza kazi yangu, Jenifer. Nianze uzeeni?"

"Lakini Mama, watu hawajui..."

"Wanaonipenda wanajua nilipo."

Jenifer akanyamaza. Hakuwa mtu wa kubishana na mama yake.

Violeth alikuwa akisikiliza. Wiki hiyohiyo Mwalimu Ezekiel, aliyekuja kutoka Mbeya kufundisha TEHAMA, alikuwa amewaeleza darasani jinsi fundi mdogo anavyoweza kupata wateja kwa simu ya kawaida. Baada ya kipindi Violeth alimfuata na kumweleza habari za Bibi.

"Mwalimu, naweza kumpigia picha bila yeye kujua?"

Mwalimu Ezekiel alimjibu. "Hapana, Violeth. Kazi ni yake na jina ni lake. Mwombe tena kwa upole. Mwonyeshe jinsi inavyofanyika. Watu wazima wengi huogopa wasichokiona."

Violeth alimwomba. Bibi alimpapasa kichwa, akamwambia ameshiba maneno ya simu. Hakuombwa tena.

Mwisho wa mwezi wa saba Bibi aliacha kufuma. Hakusema kwamba ameacha. Siku moja aliifunika mashine kwa kanga, akatoka nje na kukaa ukutani panapopata jua. Violeth alipotoka shule alimkuta palepale, mikono imelala mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona mikono ile ikiwa haina kitu.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Ila watu wamenichoka, mjukuu wangu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa. "Sina kinyongo nao. Mitumba ipo, masweta ya dukani yapo. Kila kitu kina wakati wake."

Violeth alitaka kumwambia kwamba si kweli, lakini hakuwa na ushahidi. Akakaa tu karibu naye.

Baada ya hapo Bibi alipungua haraka. Kikohozi kilianza kidogo, akakidharau. Jenifer alipomlazimisha kwenda hospitali, daktari alikuta nimonia imeshaingia mapafu yote mawili. Walimlaza. Violeth alimpelekea uji, naye akanywa vijiko vichache, akamuuliza kuhusu masomo, akamwambia avae soksi. Alfajiri ya Jumapili Bibi Coleta alifariki.

Kulikuwa na ndugu wa kuarifiwa mbali na karibu. Jenifer, macho yamevimba, alitafuta picha ya mama yake kwenye simu. Aliipata moja tu, Bibi akiwa kwenye mashine, ameinamia sweta la kijani. Chini yake aliandika kwamba mama yao Coleta, mfumaji wa masweta aliyekuwa karibu na soko, amefariki, na kwamba msiba uko nyumbani Chanji. Alieleza njia ya kufika. Akaituma kwenye makundi ya ukoo na ya jumuiya ya kanisa.

Watu waliituma kwa wengine. Waliotumiwa nao wakaituma kwa wengine.

Kesho yake uani hapakutosha. Walikuja watu ambao si Violeth wala mama yake, aliyefika kutoka Mpui, aliyewahi kuwaona. Walikuja wauguzi wakiwa na sare zao. Alikuja dereva wa Kabwe aliyesimamisha gari barabarani. Alikuja mwanamke mmoja kutoka Matai, jina lake Hellena, ameongozana na mtoto wa kiume aliyevaa sweta lililopauka, limekuwa fupi mikononi, lakini shingo yake bado imekaa sawasawa.

Hellena alipiga magoti mbele ya Jenifer kumpa pole. Kisha akasema, "Tulimtafuta sana mama huyu. Kila nikija mjini nilipita pale palipokuwa na kibanda chake. Wengine waliniambia amerudi kijijini. Wengine waliniambia alishafariki. Nilitafuta hata kwenye simu, sikuona kitu. Jana ndiyo naiona picha yake, kumbe miaka yote hii alikuwa hapa."

"Hata sisi wauguzi," mwanamke mwingine akadakia. "Kila mama akijifungua tunaulizana, yule Bibi wa shali yuko wapi?"

Violeth alisikia yote. Akainuka, akaingia chumba cha uani, akasimama mbele ya mashine iliyofunikwa kanga. Hellena alimfuata.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Bibi alidhani mmemchoka," Violeth alisema. "Amekufa akidhani mmemchoka."

Hellena alimkumbatia. Nje nyimbo za msiba ziliendelea.

Watu walipotawanyika baada ya maziko, Jenifer alikaa siku kadhaa bila kugusa kitu. Ni Hellena aliyepiga simu kuuliza kama kuna atakayefuma, kwa sababu mwanawe alihitaji sweta jipya la shule. Jenifer aliitoa ile kanga juu ya mashine, akaikunja vizuri, akaanza kazi huku machozi yakimdondoka.

Safari hii hakungoja. Mwalimu Ezekiel alikuja Jumamosi, akamsaidia kufungua ukurasa kwenye mtandao wa kijamii na tovuti ndogo. "Usijaze mapambo," alimshauri. "Mteja wako yuko kijijini, simu yake ndogo na mtandao wake hafifu. Ukurasa ukichelewa kufunguka, au maandishi yakiwa madogo hayasomeki, ataondoka. Weka picha, aina za masweta, mahali mlipo na namba ya simu. Basi."

Rafiki mmoja wa Violeth alipendekeza waweke picha za masweta ya kizungu yanayopatikana mtandaoni. Jenifer alikataa. "Tutaonyesha tulichofuma wenyewe. Mtu akifungua mzigo wake akute alichokiona kwenye simu."

Jioni, akishamaliza kazi za shule, Violeth alimsomea Jenifer ujumbe wa wateja, na Jenifer akamwambia cha kujibu. Oda ilipochelewa walisema imechelewa. Polepole rafu zikaanza kupungua. Mizigo ikapanda magari ya Matai, Kabwe na hata Mpui, na shule moja ikaagiza masweta ya darasa zima.

Furaha ile ilikuwa na kidonda ndani yake. Kila mteja aliposifu, Violeth aligeuka kutaka kumwambia Bibi, akakuta kiti kitupu.

Siku ya kuwaombea marehemu, mwezi wa kumi na moja, walikwenda makaburini na maua. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na majani mabichi yalikuwa yameanza kuota juu ya udongo. Baada ya sala Violeth aliomba simu, akachuchumaa, akasoma kwa sauti ya chini ujumbe wa wateja, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho.

Walipokuwa wakirudi, Jenifer alimshika mkono. "Violeth, mama yangu alifanya kazi kwa bidii na kwa uaminifu, na hilo uliige. Lakini bidii peke yake haikutosha. Mteja akipotea njia, usikae ndani ukasema amekuchoka. Mwambie ulipo, na umwambie palepale anapotazama. Zamani watu walitazama sokoni. Leo wanatazama kwenye simu. Kujitangaza kwa ukweli si majivuno. Ni kumheshimu anayekutafuta."

"Na kama mkubwa hataki kusikia?"

Jenifer alipunguza mwendo. "Unamwambia tena, kwa adabu. Unakaa naye, unamwonyesha kwa mkono. Mimi nilimwambia mara moja nikanyamaza, nikaita kunyamaza kule heshima."

Violeth aliubana mkono wa mama yake mdogo. Upepo wa Mbizi ulikuwa umeanza tena, nao wakaongeza mwendo kuelekea nyumbani, ambako kulikuwa na sweta la mtoto wa Kabwe la kumalizia.